Fahali Mjeuri na Picha ya Watu Watatu

Sogeeni karibu. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, kwa sababu hadithi ya leo ina hasira mwanzo hadi mwisho, na hata mimi ninayeisimulia bado haijanitoka.

Huko Isukha, upande wa Kakamega, watu hupiganisha mafahali asubuhi na mapema, ngoma za isukuti zikirindima. Fahali anayegeuza mgongo kwanza ndiye aliyeshindwa. Palikuwa na mwanamke huko, Rasoa, ambaye marehemu mumewe alimwachia ndama dume. Wanaume wakamwambia auze, kupiganisha fahali si kazi ya mjane. Rasoa hakuuza. Alimkatia majani, akamlambisha chumvi mkononi, akamlea hadi shingo ikawa nene kuliko ya fahali yeyote pale kijijini. Akamwita Mjeuri, kuwakomoa wale wale waliokuwa wakimwita yeye hivyo.

Kaka zake walikuwa na watoto watatu waliomwita senje, yaani shangazi. Khatenje alijaliwa jicho la kuchagua: mtume sokoni, harudi na sufuria inayovuja. Lumbasi alijaliwa kuwajua mafahali: atamtazama ng'ombe sikio tu, akuambie anataka kufanya nini. Luvai alikuwa mpiga picha, naye alijaliwa utulivu. Watu wote wakipiga kelele na kusukumana, yeye husimama pale pale kana kwamba yuko peke yake.

Sasa kulikuwa na Shikanga, mwenye fahali Baruti, mtu wa maneno mengi na wapambe wengi zaidi. Siku moja akasema mbele ya watu, "Huyo wa mjane atafaa kwa mchuzi." Rasoa akachemka. Wakapatana pale pale: mafahali wapigane, na atakayeshindwa aongozwe moja kwa moja hadi bucha.

Rasoa alirudi nyumbani na ghadhabu yake, lakini hakuwa mjinga. Akawaita wale watatu. "Shikanga ataniibia ushindi wangu mchana kweupe," akawaambia. "Nataka picha ya fahali atakayegeuka kwanza. Picha ambayo hakuna mtu atakayeibishia."

Luvai akakuna kichwa. "Senje, alfajiri mwanga ni mdogo na lenzi yangu ni nzito. Mkono ukitikisika kidogo tu, fahali anatoka kama moshi. Na nikisimamisha stendi ya miguu mitatu, watu wataipiga teke."

"Basi tutafute ya mguu mmoja," akasema Khatenje.

Khatenje akaenda mjini na kamera ya Luvai begani. Muuza duka akamtolea stendi moja nyepesi, inayokunjwa ikaingia mfukoni. Khatenje akaivuta, akaifunga kamera juu yake, akaegemea. Stendi ikateleza ikashuka chini taratibu. "Hii mtamuuzia nani?" akafoka. Akaletewa ya pili. Ilikuwa imara, lakini ilimfika kifuani tu. Luvai ni mrefu, angepinda mgongo asubuhi nzima, na mtu aliyepinda hatulii. Muuzaji akaanza kununa. Khatenje naye akanuna, akakaa. Mwishowe ikatoka moja yenye vibano vinavyokaza kweli, inayomfikia Luvai machoni, na chini ina mpira mpana usiozama kwenye nyasi mbichi. Hiyo ndiyo aliyokuja nayo, na njiani watu wakamtania kwamba amezeeka mapema, ananunua mkongojo.

Siku ya pambano umande ulikuwa haujakauka. Lumbasi akaupitia uwanja kwa macho, akamshika Luvai shati akamvuta mbali na pale walipojazana wapiga picha wa simu. "Hapo utapiga migongo ya watu," akamwambia. "Baruti akikimbia atakimbilia huku, kwenye njia ya kwao. Simama hapa." Mafahali wakagongana. Watu wakapiga mayowe kila pembe zilipogongana, simu zikainuliwa, na Lumbasi kila mara akasema, "Bado." Baruti akarudi nyuma, watu wakaruka. "Bado, anajipanga tu." Kisha akaona sikio la Baruti likilala na mkia ukianza kuinuka. "Sasa!"

Luvai alikuwa amepanua miguu, stendi ameiweka mbele kidogo ikawa mguu wake wa tatu, akaiegemea kwa uzito wake, viwiko amevibana mbavuni. Mtu mmoja akamkanyaga. Mwingine akampiga kikumbo cha bega. Mguu ule mmoja ukamruhusu ageuke na fahali bila stendi kuinuliwa kutoka chini. Aliposikia "Sasa!" hakushtuka, akatoa pumzi nusu, akaizuia, akabonyeza polepole Baruti alipogeuza mgongo.

Papo hapo wapambe wa Shikanga wakamiminika uwanjani na fimbo, wakamtwanga Mjeuri usoni mpaka akageuka. Filimbi ikalia. Mwamuzi, Mukabwa, aliona migongo miwili, akasikia midomo mingi, akainua mkono wa Shikanga.

"Wezi!" Rasoa akapiga kelele hadi sauti ikakauka. "Wezi wakubwa nyie!"

Mwenye bucha akaja na kamba.

Luvai akapenya akiwa na kamera yake. Simu za wengine zilionyesha ukungu mtupu. Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na Baruti, matako yamemwelekea Mjeuri, mkia juu. Na Mjeuri nyuma yake, pembe mbele, hakuna fimbo hata moja karibu. Hata matope kwenye kwato ungeweza kuyaona. Mukabwa akaangalia. Hakupenda kuumbuliwa.

"Picha haina mdomo," akasema. "Hapa uwanjani shauri moja husimamiwa na mtu mmoja, tusije tukaimbiwa kwaya. Nipeni mwenye picha hii, aape kwamba ni yake na ni ya kweli. Hapo nitabadilisha uamuzi."

Na hapa ndipo Rasoa alipokosea, kwa kuwa hasira ndiyo iliyomsemea. "Atakayeisimamia," akapaza sauti, "ndama wa kwanza wa Mjeuri ni wake! Yule jike aliyezaliwa juzi! Haya, tokeni!"

Wakatoka wote watatu.

"Picha ni yangu," akasema Khatenje. "Bila stendi yangu mngekuwa mmeshika moshi kama hawa wengine."

"Stendi yako ilisimama wapi?" akadakia Lumbasi. "Nani aliwaambia pa kusimama, na lini? Mngerudi nyumbani na picha ya kofia za watu!"

"Na kidole kilichobonyeza ni cha nani?" Luvai, yule mtulivu, akawa anapiga kelele. "Nani alikanyagwa? Nani alizuia pumzi?"

Khatenje akaipokonya stendi. "Basi piga nyingine sasa hivi bila hii!"

"Na mimi nikinyamaza," akasema Lumbasi, "tuone atabonyeza saa ngapi."

Shikanga akacheka hadi akajishika mbavu. "Mzee Mukabwa, wenyewe hawajui ni ya nani! Huo ni ushahidi gani?"

Mukabwa akakunja uso. "Rasoa, taja mtu mmoja. Hao wawili wengine wanyamaze. Wakibisha tena, uamuzi wangu wa kwanza unabaki, na fahali anakwenda."

Rasoa akawatazama watoto wa kaka zake. Alimchukia Shikanga, alimchukia Mukabwa na filimbi yake, na wakati ule aliwachukia hata hawa watatu, waliokuja uwanjani wakiwa kitu kimoja. Zaidi ya wote aliuchukia mdomo wake mwenyewe. Nyuma yake Mjeuri, paji la uso likichuruzika damu, akamsukuma mgongoni kwa pua, kama afanyavyo akitaka chumvi.

"Taja," akasema Mukabwa.

Rasoa akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo, na msinikasirikie, hasira zimetosha. Msiniambie ndama agawanywe; yu hai, ananyonya. Msiniambie awataje wote, Mukabwa ameshakataa. Yupo aliyechagua mguu ule mmoja huku akichekwa, yupo aliyejua pa kuusimamisha na wakati wake, na yupo aliyeuegemea bila kutikisika akikanyagwa. Mtoe mmoja, picha haipo. Mtaje mmoja, wawili watauma meno, na wakishindwa kuuma meno, Mjeuri amekwisha.

Mwenye bucha ameshatia kitanzi kwenye kamba. Je, wewe ungemtaja nani?