Jina la Mjukuu wa Agripina

Tegeni masikio, maana mwishoni kazi ya kuamua nitawaachia nyinyi.

Palikuwa na wanawake watatu. Zuhura alikuwa na jicho: yaliyowapita wengine, yeye aliyaona. Tumsifu alikuwa na mkono: tovuti iliyoharibika akiigusa, inanyooka. Skolastika alikuwa na ulimi: Kirundi na Kiswahili vilikaa kinywani mwake kama ndugu wa tumbo moja. Na palikuwa na Agripina, mama wa Kasulu, aliyempoteza binti yake Domitila akiwa mtoto mdogo, siku walipokimbia vita Burundi na watu wakatawanyika njiani.

Agripina na mumewe, Mzee Balitazari, walipeleka tangazo kwenye shirika linalounganisha jamaa waliopotezana. Likawekwa kwenye tovuti yenye lugha tatu: Kiswahili, Kirundi na Kiingereza. Agripina hakujua kusoma. Kila siku ya soko mumewe alimwambia, "Pitia ofisini, uulize." Akirudi, humkuta mzee amesimama mlangoni.

"Vipi?"

"Bado, baba."

Masika yakapita, kiangazi kikapita, jibu likawa lile lile.

Zuhura, aliyepokea wageni pale ofisini, ndiye aliyeshtuka kwamba wasomaji wa Kirundi hawajibu tangazo lolote. Wenzake walisema huenda watu wa ng'ambo ya mpaka, kule Burundi, hawajui kusoma. Yeye akampa simu muuza dagaa mmoja anayesoma Kirundi, akamwambia, "Tafuta ndugu yako, mimi nitakaa nitazame." Yule mama akachagua Kirundi, ukurasa ukamsalimu kwa Kirundi. Akabonyeza tangazo la kwanza. Kikaja Kiingereza kitupu. Akarudi nyuma, akachagua upya, ikawa vile vile.

"Basi, hii si yetu," akasema, akarudisha simu.

Tumsifu, fundi wa tovuti aliyekuwa Arusha, alipoelezwa alijibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kumbe siku zote aliijaribu kwa Kiswahili. Akaifuata sasa kwa Kirundi, ukurasa kwa ukurasa, akaliona kosa: tovuti iliikumbuka lugha ya Kirundi mlangoni tu. Msomaji akivuka kwenda ndani, inamsahau na kurudi kwenye Kiingereza. Akatengeneza, lugha ikamfuata mtu kila aendako. Lakini kurasa za ndani zikafunguka tupu. Hakuna aliyewahi kuyaandika matangazo yale kwa Kirundi.

Hapo akaitwa Skolastika, mwalimu. Aliyatafsiri yote, na alipofika kwenye lile la Agripina akakwama. Liliandikwa, "Mtoto alipenda kuingia kwenye kikapu." Akampigia simu, wakaongea Kirundi.

"Mama, kikapu gani?"

"Igiseke, mwanangu, kile cha mfuniko. Alijificha humo akaita atafutwe. Baba yake alizunguka nyumba nzima akijifanya hamwoni."

Skolastika akayaandika yote, kama alivyoyasikia.

Tangazo lilitoka kwa Kirundi wiki aliyolazwa Mzee Balitazari. Hakurudi nyumbani. Matanga hayajaondolewa, simu ya Agripina ikalia.

"Mama, ni mimi niliyejificha kwenye igiseke," sauti ikasema. "Baba yupo?"

Agripina akaangua kilio. Majirani ndio waliochukua simu.

Domitila alikuja na kichanga cha kike mgongoni. Alikaa kaburini kwa baba yake mpaka jua likawa kali. Aliporudi ndani akasema polepole, "Mama, masika yaliyopita niliingia kwenye tovuti ile. Nilipobonyeza, ikageuka Kiingereza. Nikaifunga."

Masika yaliyopita Mzee Balitazari alikuwa bado analima. Agripina alilikumbuka jembe lake begani, moyo ukamuuma upya.

"Mtoto hana jina," Domitila akasema. "Mpe wewe."

Agripina akataka kumpa jina la aliyemrudishia binti yake. Akawaalika wale watatu, nao wakaja. Lakini kila alipomtazama mmoja, aliwaona na wale wengine wawili. Bila Zuhura, ugonjwa wa tovuti usingejulikana. Bila Tumsifu, usingepona. Bila Skolastika, Domitila angefungua ukurasa mtupu.

"Usinipe mimi," Tumsifu akasema, macho chini. "Ningeijaribu kwa Kirundi tangu mwanzo, mzee angemwona mwanawe."

"Na mimi niliwaona watu wakiondoka kimya muda mrefu kabla sijauliza," Zuhura akasema.

Skolastika akafuta macho. "Nami niliombwa wakati wa mitihani. Nikasema, ngojeni nisahihishe kwanza."

Agripina hakumlaumu hata mmoja. Amempakata mjukuu, na wote wanamngoja aseme.

Nanyi mmesikia kila kitu. Jina ni moja, na waliolistahili ni watatu, kila mmoja na kuchelewa kwake. Je, ungekuwa wewe Agripina, ungemwita mtoto huyu nani?