Sikudhani na Diski ya Marehemu

Wapendwa, huko Njombe palikuwa na fundi rangi mmoja, tumwite Chaula. Mchana kutwa alipaka kuta za nyumba za watu, huku mawazo yake yakitembea mahali pengine. Aliwahi kuona kwenye simu gemu moja ambalo mchezaji anatembea tu katika msitu usio na mwisho. Maji yanaporomoka polepole kama shuka linalotandikwa, na majani yana rangi ambazo yeye, fundi wa rangi, hakuwahi kuzichanganya. Akatamani kuingia humo. Basi akaanza kujiundia kompyuta, kipande kwa kipande.

Kilichomsumbua zaidi ni kadi ya picha, ile inayofanya gemu lionekane vizuri. Kuichagua kulimchukua miezi mitatu. Alilinganisha hii na ile, akauliza mafundi, akasoma maoni ya watu asiowajua. Ukungu wa asubuhi ulipofunika mji, aliuona kama skrini inayosubiri kuwashwa. Hatimaye akaipata aliyoitaka.

Ikabaki diski, pale gemu litakapohifadhiwa. Hiyo hakuichagua. Aliingia kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika, akachukua ya kwanza aliyoonyeshwa. Yule mama alimweleza kwamba imeletwa juzi pamoja na vitu vya mzee fulani aliyefariki, hivyo aangalie kwanza kama kuna cha maana ndani. Chaula akasema ataangalia.

Na kweli aliangalia. Alikuta video moja ndefu. Mzee ameketi barazani anapukuchua mahindi, punje zinadondoka kwenye ungo taratibu. Anainua uso, anasema, "Mwanangu Sikudhani, miaka yote umeniuliza kwa nini nilikupa jina hili. Leo nitakueleza. Mwaka ule uliozaliwa..."

Ilikuwa imebaki karibu saa nzima. Diski ilikuwa imejaa, na gemu lilihitaji nafasi. Chaula aliona haya kidogo. Mnaijua ile haya inayopita upesi? Akajiambia kwamba wenyewe wangeihitaji wasingeiuza. Akafuta kila kitu, akapakia gemu lake.

Siwadanganyi, lilikuwa zuri. Jumamosi nzima alitembea msituni. Mwanga ulipenya kwenye matawi, ukatua juu ya maji, na yeye akasahau njaa, akasahau mgongo unaouma. Alihisi anaelea.

Wiki mbili baadaye alirudi dukani kutafuta waya. Akamkuta mwanamke amesimama na yule mama, nguo zina vumbi la safari. Alikuwa Sikudhani mwenyewe, ametoka Makambako. Kaka yake aliuza vitu vya baba yao bila kujua kilichokuwemo, naye alikuwa akiitafuta diski hiyo duka kwa duka. Mwenye duka akamwonyesha Chaula kwa mkono, akasema huyu ndiye aliyeichukua.

Mwanamke akageuka. Uso wake ulijaa matumaini, na hicho ndicho kilichomuumiza Chaula. Alifikiria kusema kwamba aliikuta tupu. Ulimi ukakataa. Akakiri kwamba alifuta, na kwamba gemu limeshaandikwa juu yake. Mwenye duka, anayezijua kazi hizo, akatikisa kichwa: hakuna fundi atakayeirudisha.

Mwanamke akaketi kwenye benchi. Kisha akauliza kwa upole, "Kaka, uliitazama kabla hujaifuta?"

"Niliitazama, dada."

"Baba alisema nini?"

Chaula akamsimulia baraza, ungo, mahindi, na sauti ya mzee jinsi ilivyokuwa nzito na isiyo na haraka. Dada yule alifumba macho, akatabasamu, kana kwamba baba yake ameingia dukani. Chaula akafika pale pa jina. "Akasema, 'Mwaka ule uliozaliwa...'"

"Halafu?"

"Sijui, dada. Nilifunga hapo."

Ndugu zangu, msimkasirikie Chaula upesi hivyo. Gemu lake halikuwa dhambi, na msitu ule ulikuwa mzuri. Lakini mzee alikuwa anaongea mbele yake, naye alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyeweza kumsikia.

Na sisi? Mkeo alianza kukueleza jambo Jumanne, ukamwambia baadaye. Je, ulimrudia? Mama yako anapiga simu, nawe unaitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yako yapo kwingine. Hata Mungu tunamwitikia "Amina" kabla hajamaliza kusema nasi. Tunadhani watu wetu wamehifadhiwa mahali fulani, na siku tukipata nafasi tutawafungua tuwasikilize.

Nilikuwa nimeandaa mahubiri marefu leo. Nayaacha. Nendeni nyumbani, na mtu wa kwanza atakayeanza kusema, mwacheni amalize.