Mafuta Yaliyochelewa Kumwagwa

Ndugu zangu waumini, kabla hamjainuka kutafuta viatu, nipeni masikio kidogo. Nanyi kina mama nyuma ya pazia, nikikosea mtanisahihisha, maana haya ni mambo yenu.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa akijiandaa kumwoza binti yake wa pekee. Kwao, bibi harusi hapakwi manukato ya dukani. Hupakwa mafuta aliyotengenezewa na mama yake, na wanawake wa upande wa bwana huja kumnusa shingoni kabla hawajasema hewala. Basi mjane akaloweka asumini, langilangi na mrehani katika mafuta ya ufuta, akachuja, akatia chupani. Baada ya wiki akashindwa kujizuia, akafungua. Lo! Maua hayakusikika kabisa. Mrehani ulikuwa umetawala peke yake, mkali, unanuka majani mabichi kama zizi la mbuzi.

Akalia, masikini. Msimu wa asumini ulikuwa umekwisha. Mengine angeyatengeneza kwa maua gani? Akamwita jirani yake, mwanamke mcheshi lakini mvivu asiye na mfano.

"Shoga, kamwage haya shimoni. Sitaki hata kuyaona."

"Na chupa?"

"Chukua!"

Je, nyinyi mngefanyaje? Msiniangalie hivyo. Mngemwaga.

Miezi ikapita, harusi ikafika, na mjane hana kitu. Wakwe wamekaa ukumbini, wanauliza kwa ile adabu yenye miiba, "Mama, bibi harusi hajapakwa bado?" Akakimbilia uani kuficha uso wake. Mara jirani huyo anaingia, chupa mkononi.

"Shoga, nisamehe. Leo nimefagia uvunguni kwa sababu ya wageni, nikayakuta mafuta yako. Sikuyamwaga. Kila siku nilisema kesho."

Mjane akamnyang'anya chupa ayamwage mwenyewe. Kizibo kilipotoka, akasogeza pua. Asumini ilitangulia, langilangi ikafuata, na mrehani, ule ule mkorofi, ulikuwa umetulia chini yake, umeyashikilia maua yasipeperuke. Akaketi kizingitini akacheka huku analia. Tangu afiwe na mumewe hakuwahi kupumua vizuri namna ile. Wakwe wakanusa, mmoja akarudia kunusa, vigelegele vikapigwa.

"Umenisitiri, shoga," akasema mjane.

"Mimi? Ushukuru uvivu wangu!"

Sasa mnadhani nitawaambia msubiri. Subira mnahubiriwa kila Ijumaa. Mimi nauliza jingine. Kama uvivu wa jirani uliokoa harusi, huruma ya Mola itatuokoa na mangapi? Sisi hapa, tulipokuwa wabichi, hatukuwanukia watu vibaya? Hatukustahili shimo? Mbona basi tungali chupani? Jirani yule alichelewa kwa uvivu, bila kujua. Mola wetu anachelewa kutumwaga huku anajua, tena anatusikia harufu yetu yote. Alhamdulillahi! Pumueni, jamani.

Lakini wewe uliyemfukuza mwanao mwaka jana kwa ukali wa ulimi wake, leo yuko uvunguni mwa nani? Kuna mtu amemhifadhi. Usiende kula kwanza. Nenda kamfungulie, umnuse tena.