Mpira Ulioingia kwa Mama Mkwe

Hapo zamani za kale, kabla mkia haujawa kitu cha kuringia, Tembo na Pimbi walikaa ua mmoja wenye kisima kimoja. Pimbi ni mnyama mdogo, kimo chake hakimpiti paka. Asiyemjua asogee karibu, nisirudie.

Kiangazi kikakaza. Tembo akabingirisha jiwe, gudugudu, puu, akaziba kisima akisema maji ni yake. Watoto wa Pimbi wakalala na kiu siku mbili, na roho ikamuuma baba yao.

"Jirani, toa jiwe," Pimbi akasema.

"Nishinde kwanza."

"Kwa ngumi?"

"Kwa mpira. Nisije nikaambiwa nimekuonea."

Mpira wenyewe ulikuwa wa plastiki, mwepesi kama ganda la yai. Gongo lilikuwa mwiko wa ugali. Tembo akatunga sheria palepale, maana mwenye nguvu hupenda sana sheria anapozitunga yeye.

"Kila mmoja zamu moja ya kupiga, mwenzake akitupa. Ukikosa mara tatu, umekufa. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, umekufa. Ukitua juu ya paa la jiko, umekufa. Lakini ukitoka nje ya ua, mpigaji azunguke kisima mpaka urudi, kila mzunguko alama moja. Na mtupaji aufuate mwenyewe, hakuna kutuma mtu."

"Utoke kwa juu tu, au hata kwa chini?" Pimbi akauliza kwa adabu.

Tembo akacheka mpaka masikio yakapigana makofi. "Hata chini. Hata ukipita na bata!"

Mchezo ukawekwa kesho yake mchana. Mbuni akawa mwamuzi, akahesabu kwa kokoto.

Tembo akaanza. Paa! Mpira ukavuka ua, ukadondoka katikati ya mahindi. Pimbi mbio, tapu tapu tapu. Aliporudi anahema, Tembo alikuwa amezunguka mara tisa na bado ana pumzi ya kuimba.

Ikaja zamu ya Pimbi. Mwiko ulimzidi urefu. Akakosa la kwanza. Akakosa la pili. Watoto wake wakafumba macho. La tatu akaugusa tu, tik, mpira ukabingirika polepole kuelekea tundu wanalopitia bata chini ya ua. Tembo alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Alipoinuka, mpira umeshapita.

Na upande wa pili, wanangu, aliishi Mama Kobe, mama mkwe wake Tembo. Msiniulize ndoa ile ilifungwaje. Tulikula pilau, yakaisha.

Sasa, mkwe haingii kwa mama mkwe akanyakua kitu akakimbia. Tembo akafuta miguu yote minne, akainamisha kichwa.

"Hodi, mama."

Mama Kobe akaanza kutoka jikoni. Alitoka kwa muda mrefu.

"Karibu, baba."

"Shikamoo, mama. Nimefuata mpira tu."

"Marahaba. Mpira hauna miguu, hauendi popote. Utaondokaje kwangu bila kutia kitu mdomoni? Keti, maharage ndiyo kwanza nayachagua."

Kukataa chakula cha mama mkwe ni kutaka mke arudi kwao. Tembo akaketi. Mama Kobe akayachagua maharage moja moja, akayapeleka sufuriani moja moja.

Huku Pimbi anazunguka, tapu tapu. Akachoka, akatembea. Akazunguka huku anamsuka binti yake. Kokoto zikamwishia Mbuni, akaanza kung'oa manyoya yake mwenyewe ili ahesabie.

Jua likielekea kuzama, Tembo akatokea na mpira kwenye mkonga, tumbo limejaa, na bakuli la kupeleka nyumbani.

"Amefika ngapi?"

"Mia nne na sita," akasema Mbuni, mgongo wote wazi. "Tafadhali asizunguke tena."

"Siyo haki. Mimi nilicheleweshwa."

"Na nani?" Pimbi akauliza. "Mtaje, tumwite aje ajieleze."

Tembo akatazama ua wa mama mkwe. Akabingirisha jiwe. Watoto wa Pimbi wakanywa mpaka wakashikwa na kwikwi.

"Mama anasema maharage yale aliletewa asubuhi," Tembo akanung'unika. "Sijui na nani."

"Na jirani mwema," Pimbi akasema, akijaza ndoo. "Nilimchagulia yale magumu, ya kuchelewa kuiva."

Mimi nimeishia hapo kisimani: ukitunga sheria ya kumbana mdogo, jipime kwanza kama wewe mwenyewe unapita.