Kwa Nini Mwaridi Hukatwa Ndipo Uchanue

Kabla mji wa Maweni haujawa na msikiti, chuma kilikuwa hakijagusa mwaridi hata mmoja. Binti alipozaliwa, mama yake alipanda mwaridi uani, na tangu hapo wawili hao walihesabiwa kuwa kitu kimoja. Ukinyauka, binti huugua. Ukikatwa, binti hufa. Ndivyo ilivyosemwa. Hakuna aliyekuwa amejaribu, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Siku ya harusi, kikuba, shada la maua la bibi harusi, kilifungwa kwa asumini, rehani na mawaridi saba. Asumini na rehani ziliweza kuombwa kwa jirani. Mawaridi hayakuombwa. Yalitoka katika mwaridi wa binti mwenyewe, na yasipotimia saba ndoa ilingoja msimu mwingine.

Bi Rukia alikuwa na binti mmoja, Batuli. Mwaridi wa binti huyo aliutunza kama mboni ya jicho. Aliupa maji ya kuoshea samaki na samadi ya mbuzi, akaufunga kwenye nguzo usivunjwe na upepo. Ukapanda, ukapita dirisha, ukafika darini. Siku zile sifa ya nyumba ilikuwa urefu wa mwaridi wake, na wapita njia walisimama kuutazama. Bi Rukia aliitikia salamu zao akiwa ameinua kidevu.

Batuli akaposwa na Makame, mwashi. Msimu wa kwanza mwaridi ulitoa mawaridi manne, juu kabisa, ambako nyuki tu ndio waliofika. Msimu wa pili, mawili. Msimu wa tatu alikuja Mwanajabu, dada yake Makame, kuhesabu. Akakuta moja.

"Wifi," alimwambia Batuli mbele ya wanawake, "kaka yangu anataka mke. Haya majani mpeni mbuzi."

Wanawake wakacheka.

"Akizidi kungoja ataoa na mkongojo," Mwanajabu akaongeza. "Nyumbani wamesema msimu ujao ndio wa mwisho. Yasipotimia, tunaposa kwingine."

Siku tatu baadaye, asubuhi, Bi Rukia alirudi kutoka kisimani na mtungi kichwani. Alivuka kizingiti akasimama. Jua lilikuwa limeingia uani mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa kivuli. Mwaridi haukuwepo. Palikuwa na vijiti vitano vilivyofika magotini, ncha zake nyeupe kama mifupa. Matawi yalikuwa yamelala chini. Batuli alikuwa katikati yake, ameshika panga, damu ya miiba ikimtiririka hadi viwikoni.

Mtungi ulianguka. Bi Rukia hakusikia ukivunjika.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeukata, mama."

"Umejikata!"

"Kama ni mimi, basi nimechoka kurefuka bila kuchanua."

Bi Rukia alitaka kupiga ukemi, akatanguliwa. Aliyepiga ni jirani aliyechungulia juu ya ua. Kabla ya adhuhuri mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake walioiona ile damu walijua kifo kimeanza. Walijitanda kanga wakalia kwa sauti ya chini, maana marehemu alikuwa akiwapitishia maji ya kunywa. Shangazi yake aliuliza kama sanda imetafutwa.

"Shangazi, kama nimekufa, mbona nina njaa?" Batuli alisema. "Nani kapika?"

Bi Rukia alimpakulia muhogo, akakaa kumtazama akitafuna. Kisha akamshika kifundo cha mkono, akawa anasikiliza mshipa. Ulipiga. Hakumwachia mpaka jua lilipotua.

Siku ya pili waombolezaji walibaki nusu. Siku ya saba alibaki shangazi peke yake, naye alibaki kwa ajili ya chakula. Siku ya kumi Bi Rukia aliona tone jekundu kwenye kijiti kimoja. Alidhani ni damu. Akaligusa. Lilikuwa chipukizi.

Siku ya arobaini na tatu alimwita Mwanajabu aje ahesabu mwenyewe. Mwanajabu alihesabu, akaanza upya, kisha akaketi chini bila kukaribishwa. Yalikuwa mawaridi thelathini na moja, na hakuna lililopita kifua cha mtu mzima.

"Mmeyafunga kwa uzi," alisema.

"Vuta uone, wifi," Batuli akamjibu.

Akavuta. Mwiba ukamwingia kidoleni hadi akapiga kelele.

Batuli aliolewa Ijumaa iliyofuata. Kabla mwezi haujaandama, mapanga yalisikika katika nyua kumi na mbili, na hakuna binti aliyekufa.

Na tangu siku hiyo, kila mwaka mvua za vuli zikikaribia, mwaridi hukatwa hadi magotini, na anayekata ni binti mwenyewe. Mama hupelekwa kwa jirani, kwa kuwa hajapatikana mama wa Maweni anayeweza kutazama. Mwaka huu, mwaridi wa mwisho kukatwa ni wa Salha, binti wa fundi cherehani, Jumamosi iliyopita. Mama yake alilia mpaka adhuhuri. Salha yu mzima, amekwenda sokoni.