Uso wa Baba Ambwene

Ukizima kioo cha mwana, washa uso wako.

Ndivyo mlivyomsikia Mama Lusekelo akimwambia mumewe jana, alipomkuta amemnyang'anya mtoto simu kisha amerudi kitini kukaa kimya kama gogo. Mkacheka, mkadhani ni maneno ya mke na mume ya kutupiana tu. Leo mnaniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Wahenga hawakuyasema, maana wao hawakuwa na vioo vya kuzima. Yalizaliwa hapa hapa kwetu Tukuyu, na aliyeyatamka mara ya kwanza alikuwa mtoto. Endeleeni kumenya hizo ndizi, masikio mnipe mimi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Nsajigwa, aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai. Alisimamia mashine za kusokota majani mabichi. Mle ndani mngurumo hauna mapumziko. Watu huitana kwa mikono, huulizana kwa nyusi, na siku huisha mtu hajatamka hata maneno ya kujaza kiganja. Nsajigwa alikaa humo ujana wake wote. Akitoka, masikio yalikuwa bado yanavuma, na kitu alichokitamani kuliko chakula ni utulivu.

Mkewe, Subilaga, alikuwa mwongeaji kwa wote wawili. Yeye ndiye aliyesimulia, aliyeuliza, aliyemtania mumewe mpaka akacheka. Nsajigwa alikuwa anakaa tu akiota moto wa maneno ya mkewe, na hilo lilimtosha. Kisha Subilaga akaugua, akafariki. Waombolezaji walipoondoka, nyumba ikabaki na watu wawili: yeye, na binti yao Ambwene, aliyekuwa darasa la tano.

Siku ya kuanua matanga, mjomba wa mtoto aliyetoka Dar es Salaam alimpa Ambwene mashine ya gemu, ya kuunganisha kwenye runinga. "Imchangamshe kidogo," alisema. Nsajigwa alishukuru. Kwa kweli alishukuru sana, maana hakujua la kumwambia mtoto, na sasa mtoto hakuhitaji kuambiwa.

Ambwene alipenda gemu ya mpira. Alikuwa anakaa mkekani, pedi ya kuchezea mikononi, wachezaji wakikimbia, na mtangazaji akiongea mfululizo kwa lugha ambayo mtoto hakuielewa. Mwanzoni ilikuwa baada ya kazi za shule. Baadaye ikawa kabla. Baadaye tena, Nsajigwa akirudi kutoka kiwandani anasikia "Shikamoo baba" isiyogeuza shingo. Zamani binti huyu alikuwa anatoka mbio hadi njiani kumpokea mfuko. Sasa Nsajigwa aliuingiza mwenyewe, akautundika mwenyewe, akala chakula kilichofunikwa, akautazama mgongo wa mwanawe hadi usingizi ulipomjia.

Lilimuuma. Hakuwa mtu wa kusema kuwa limemuuma, basi likageuka kuwa hasira. Na hasira haikosi wa kuipepea. Kwenye mapumziko ya chai, wenzake walizungumza. Mmoja akasema gemu hizo zinakausha ubongo. Mwingine akasema mtoto wa shemeji yake aliacha shule, akahamia kwenye mabanda ya gemu kama nzi kwenye jaa. Ndele, ambaye alikuwa na sauti kubwa kuliko mashine, alipiga meza:

"Baba ni nani nyumbani? Wewe au runinga?"

Jumamosi hiyo, mchana, mvua ikipiga bati, Nsajigwa aliingia sebuleni akachomoa waya ukutani. Mechi ilikuwa katikati. Hakupiga kelele. Alikunja waya, akaweka kila kitu kwenye gunia, akapandisha darini. Ambwene alibaki na mikono imekunjwa vile vile, kama bado imeshika kitu. Hakulia.

Nsajigwa akakaa kitini. Alihisi amefanya jambo kubwa, na sasa lililofuata lingekuwa jema.

"Njoo ukae na baba yako," alisema.

Mtoto akaja, akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Shule vipi?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

Maneno yakaishia hapo. Nsajigwa alitafuta mengine kama mtu anayepapasa kibiriti gizani. Akatazama ukuta. Akatazama mvua mlangoni. Paji lake lilikuwa limekunjamana, mdomo umefungwa, macho yako mbali. Na mtoto alikuwa amemkazia macho, anasubiri. Akasubiri sana. Mwisho akauliza kwa upole:

"Sasa baba, tufanye nini?"

"Tukae. Si unaona tunakaa?"

"Yule mtangazaji alikuwa anaongea," alisema Ambwene. "Nikifunga goli alikuwa anafurahi."

"Hakujui yule! Ni mashine tu."

"Najua, baba. Lakini kama umezima kioo changu, basi washa uso wako, nipate pa kutazama."

Nsajigwa aliyasikia yale maneno kama mtu anavyosikia kofi la jirani: sauti imefika, maumivu bado.

"Unanijibu mimi?" alisema. "Mimi baba yako? Nenda chumbani kwako."

Ambwene akainuka, akaenda.

Kuanzia siku ile mtoto akawa mtoto ambaye kila mzazi angemtamani. Alitoka kumpokea baba yake mfuko kwa mikono miwili. Alipiga goti, akaamkia. Aliosha vyombo, akasoma, na jua likizama tu, akaenda kulala. Majirani walimsifu. Kiwandani wenzake walimpa Nsajigwa mkono. "Huyo ndiye baba," alisema Ndele, naye Nsajigwa akatabasamu kidogo.

Lakini nyumbani akaanza kusikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia. Alisikia mfuniko wa sufuria ukitetemeka jikoni. Alisikia mchwa kwenye boriti. Utulivu alioutamani miaka yote ulikuwa umekuja, umekaa kitini mwa Subilaga, na haukuwa na neno la kumwambia. Katika chumba cha pili alikuwamo mwanawe, na mara kadhaa alisimama nje ya mlango ule, mkono umeinuliwa kubisha. Alijiuliza: akifungua, nitasema nini? Akaushusha mkono, akarudi.

Likizo ilipofika, Ambwene akaenda Mbeya kwa shangazi yake, Tusekile, aliyekuwa na duka la vitenge na nyumba iliyojaa watoto. Siku za kufungua shule zilipokaribia, simu ya Nsajigwa ikalia.

"Kaka," alisema Tusekile baada ya salamu, "usinielewe vibaya. Mtoto anaomba asome huku."

"Amekushitakia? Amesema namtesa?"

"Hapana. Hajasema baya lolote juu yako."

"Basi ni ile gemu. Anataka gemu."

"Huku hakuna gemu, kaka. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini hataki kurudi. Amenijibu mara moja tu. Amesema, 'Shangazi, kule hakuna mtu.'"

Tusekile akaita "Kaka? Kaka?" mpaka akadhani mtandao umekatika.

Siku iliyofuata Nsajigwa alirudi kutoka kazini, akafika mlangoni pake, na mdomo ukamponyoka: "Hodi." Hakujua alikuwa anambishia nani. Aliingia, akaketi bila kuvua buti. Mbele yake runinga ilikuwa imezimwa, haikuwashwa tangu Jumamosi ile, na kioo chake cheusi kilikuwa kinapokea mwanga wa dirishani. Ndani yake alikuwamo mtu. Alikuwa na uso uliofungwa kama duka la marehemu. Nsajigwa alimtazama, akataka yule mtu aseme kitu, walau ainue nyusi. Hakusema. Ndipo lile kofi lilipoanza kuuma.

Mtoto yule alikuwa ameketi mbele ya uso huu. Hakuwa amemjibu jeuri. Alikuwa ameomba.

Jumapili akapanda gari kwenda Mbeya. Njia nzima alijipanga maneno: nitamwambia hivi, nitamwambia vile. Alipofika, Ambwene akaja, akapiga goti, "Shikamoo baba," na maneno yote yakapotea. Tusekile, ambaye alimjua kaka yake, akawafukuza watoto wengine uani, akawaacha wawili.

Kimya kile kile kikataka kukaa kati yao. Safari hii Nsajigwa alikitangulia.

"Siku niliyokutana na mama yako," alisema, sauti ikikwaruza kwa kutotumika, "nilikuwa nimenasa kwenye tope."

Ambwene akainua macho. Tangu mazishi, hakuwahi kumsikia baba yake akimtaja mama.

"Nilikuwa na buti mpya. Nikapita shambani kwa mikogo ili wachumaji wanione. Buti moja likazama. Nikavuta, mguu ukatoka, buti likabaki. Nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, wasichana wote wanajifanya hawaoni. Mama yako peke yake ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akaweka kapu chini. Halafu akaja akanipa bega nilishike."

Alipokuwa anasimulia, alisahau kukunja paji. Mikono ilipanda ikashuka. Mdomo ukacheka wenyewe. Machozi nayo yakashuka bila ruhusa. Ambwene alikuwa anamtazama tu, kama alivyokuwa akiitazama runinga, hapepesi.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" aliuliza.

"Nilidhani mama yako ndiye wa kusimulia."

"Lakini hayupo, baba."

"Ndiyo," alisema Nsajigwa. "Hayupo."

Mtoto akasogeza kigoda alichokalia karibu naye.

Sasa ninyi mnataka niwaambie kwamba walirudi pamoja jioni ile, wameshikana mikono. Hapana. Shangazi alikwisha kumwandikisha shule, na Ambwene alikwisha kupata marafiki. Nsajigwa alimwomba arudi. Mtoto akafikiri, akasema, "Nitakuja likizo, baba. Na wewe uje Jumapili." Naye hakumlazimisha. Akapanda gari peke yake, akaingia nyumbani peke yake, akapika chai ya mtu mmoja.

Jumapili nyingi alikwenda. Ambwene naye likizo alikuja, na gemu ilishushwa darini. Alicheza, na akiambiwa imetosha alizima, kwa sababu baada ya kuzima kulikuwa na kitu. Alimfundisha baba yake kutoa pasi kwenye gemu, baba akashindwa vibaya, wakacheka. Lakini Ambwene hakuishi tena mwaka mzima chini ya bati lile. Alimalizia shule kule, akakulia kule. Kuna mlango ukiufunga, hata ukija kuufungua, aliyekuwa ndani amekwisha kuzoea kwingine. Nsajigwa alilijua hilo. Siku za kazi alirudi kwenye nyumba yenye sauti ya sufuria tu, na hakuna aliyemwonea huruma, kwa sababu hakumwambia mtu.

Siku moja kwenye mapumziko ya chai, Ndele alikuja kifua mbele. Alikuwa amevunja mashine ya gemu ya wanawe kwa shoka.

"Nimefuata nyayo zako, Baba Ambwene!" alisema, akanyoosha mkono apongezwe.

Nsajigwa hakuupokea.

"Na baada ya kuivunja," aliuliza, "ulifanya nini?"

"Nifanye nini tena? Nilikwenda zangu kulala."

Nsajigwa aliweka kikombe chini. Wengi pale hawakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kwa mpigo. "Mwanangu alinipa neno," alisema, "nikamfukuza nalo. Sasa nakupa wewe, ulitumie mapema kuliko mimi. Kuzima si kosa. Mzazi ana haki ya kuzima. Lakini ukizima kioo cha mwana, washa uso wako."

Ndele alicheka, kisha akaangalia pembeni, kisha akaacha kucheka. Kengele ikalia, wakarudi kwenye mngurumo. Lakini neno lilikwisha toka. Wanaume wakalibeba majumbani, wake zao wakalipeleka sokoni na kanisani, likapanda milima na kushuka mabonde hadi likafika kwa Mama Lusekelo, na jana likafika kwenu.

Basi nanyi mtakuwa wazazi. Mtakapofika mahali pa kunyoosha mkono kwenye waya, nyoosheni. Ila kabla hamjauchomoa, jiulizeni mtoto akigeuka atamkuta nani.

Ukizima kioo cha mwana, washa uso wako.