Tundu Lililovuka Mto

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo imefika mlangoni tu. Mimi nataka ifike ng'ambo ya mto. Paukwa!

Pakawaaa!

Sasa sawa. Leo nina kazi ya kuwapa. Mkisikia mtu anaulizwa, "Umeshindwa?", nyinyi mjibieni, "Bado!" Tujaribu. Umeshindwa?

Bado!

Haya. Hapo zamani za kale, wadudu walipokuwa wakiitana kwa sauti zao wenyewe, palikuwa na Chenene na dada yake. Chenene mnamjua? Ni yule mdudu wa kahawia anayeishi ardhini, mikono yake kama majembe mawili. Mchana anachimba, chaku-chaku, chaku-chaku. Jioni anaimba, triii. Lakini wakati huo sauti yake ilikuwa nyembamba sana. Ukichutama, unaisikia. Ukisimama, huisikii tena.

Msimu mmoja wa masika maji yakaja, shwaaa! Yakawakuta shimoni. Dada akamsukuma mdogo wake juu, juu, juu, mpaka akampandisha kwenye kichuguu. Yeye maji yakamchukua. Akapita amekaa juu ya ganda la mti, akiita, "Mdogo wangu! Mdogo wangu!" mpaka sauti ikaisha.

Maji yakapungua. Chenene akabaki peke yake. Akila mizizi, haina ladha. Akilala, ubavu mmoja baridi. Kila jioni akawa anakwenda ukingoni, anatazama ng'ambo.

Siku moja Kiboko akatoka majini, puuu! Akatikisa masikio.

"We mdogo," akasema, "una dada?"

"Ninaye, mjomba! Ninaye!"

"Basi yuko ng'ambo. Jana nilikuwa nakula majani, akanipanda sikioni, akanirudia maneno yake mara saba. Anasema: kama mdogo wangu yu hai, aniite. Matete yakichanua nami sijasikia kitu, nitajua maji yalimmaliza. Nitaondoka na wenzangu, tuhamie vilimani."

Chenene akaruka. "Mjomba, nipeleke! Nitakaa sikioni mwako!"

"Mimi huvuka kwa kutembea chini kabisa kwenye tope. Utafika umekufa."

"Basi mwambie tu kwamba nipo!"

Kiboko akainamisha kichwa, akaona haya. "Mwanangu, maneno ya kutoka malishoni nayabeba, maana nimeshiba. Maneno ya kwenda malishoni nayabeba na njaa. Na njaa yangu haina kichwa. Nikinusa jani moja tu, nimesahau hata jina langu."

Chenene akatazama matete. Yalikuwa mabichi, hayana hata kitumba.

"Basi nitamwita mwenyewe," akasema.

Kwaaa-kwa-kwa-kwa! Nani huyo anacheka? Ni Chura, amekaa kwenye jani la yungiyungi. Chura ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bonde lile, shavu kama kibuyu.

"Wewe? Sauti kama sindano, uvushe mto? Sikiliza, mtoto wa udongo. Mimi nina mawazo mia. Panda juu ya tete. Au imba na upepo. Au..."

"Umeyajaribu, kaka?"

"Ya nini kujaribu? Mawazo yangu ni mazuri yakiwa hivyo hivyo."

Chenene akaanza kuchimba. Chaku-chaku, chaku-chaku. Akachimba shimo refu, limenyooka kwenda chini. Akaingia, akaimba, triii! Kule chini sauti ikawa kubwa, mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Lakini nje haikutoka. Ardhi iliimeza.

"Umefaulu?" Chura akauliza.

"Bado."

"Basi umeshindwa?"

Jibuni!

Bado!

"Bado huku, bado kule! Wewe una jibu moja tu?"

 Chenene alikuwa amekaa mdomoni mwa shimo, analipapasa kama mtu anayepapasa kidonda cha mwanawe. "Shimo langu," akasema, "umenikosea wapi?" Akafikiri. Akaona kwamba shimo limeizuia sauti isichukuliwe na upepo. Hilo ni jema. Ila halina pa kuitolea. Jema akaliweka moyoni, shimo akalifukia.

Akachimba la pili, pana kama bakuli. Triii! Sauti ikatoka, lakini ikatawanyika kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Moja mawinguni, moja kichakani, ng'ambo haikufika hata moja.

"Umeshindwa?"

Bado!

Matete yakatoa vitumba.

Jioni moja Kiboko alikuwa anapiga miayo. Aaaah! Chenene akasimama mbele ya mdomo ule, akachungulia ndani bila woga.

"Mjomba, tafadhali usifunge!"

"Kwani umeona nini, mwanangu? Jino bovu?"

"Naona koo jembamba. Naona mdomo mpana. Na unapanuka pole pole, haurukii upana kwa ghafla. Ndiyo maana ukinguruma, bonde zima linakusikia!"

"Mimi nilidhani ni unene," Kiboko akasema.

Chenene akakimbia. Chaku-chaku, chaku-chaku! Akachimba la tatu, chini akaliacha jembamba, juu akalipanua pole pole kama ua la boga. Akaingia kwenye koo la shimo, akaimba. Kisha akaita, "Kaka Chura! Unanisikia?"

Chura alikuwa mbali kidogo, majini. "Sikusikii!" akajibu.

"Asante, kaka."

Chura akakasirika. Akahamia jani la mbali zaidi.

"Na hapo, unanisikia?"

"Hapa ndiyo sikusikii kabisa!"

"Asante sana, kaka."

Hivyo ndivyo Chenene alivyoupima mto, kwa mdomo wa Chura. Lakini Chura alipofika katikati ya maji, akanyamaza kweli. Sauti ilikuwa imekomea hapo.

Siku ya pili mvua ikanyesha, kuta zikaporomoka, pwa! Chenene akalia. Akalia, huku akiushindilia ule udongo kwa kichwa, pata-pata, pata-pata, maana hakuwa na la kufanya isipokuwa kuurudisha. Jua likawaka. Udongo ukakauka, ukawa laini kama chungu kilichosuguliwa kwa kokoto. Akaingia, akaimba kidogo tu, kujaribu.

TRIIIII!

Kiboko akazama kwa mshtuko. Chura akaanguka kutoka kwenye jani. Kuta za mwanzo zilikuwa za mikwaruzo, na mikwaruzo ilikuwa ikiila sauti. Mvua iliyobomoa ndiyo iliyofundisha.

Chenene akaimba: "Dada! Nipo! Nipo! Nipo!" Sauti ikapita juu ya maji, ikagonga ng'ambo.

Akasikiliza.

Kimya.

Akainua macho. Matete yalikuwa meupe, yamechanua yote. Alikuwa ameinamia udongo, hakuona yalichanua lini.

Kesho yake akaita. Kimya. Kesho kutwa akaita. Kimya. Kiboko naye alikuwa amehamia malisho ya chini, hakuna wa kuleta habari. Chura akaja pole pole. Safari hii hakucheka.

"Chenene," akasema, "umeshindwa?"

Mbona mmenyamaza? Hata Chenene alinyamaza. 

Kisha akajiuliza: labda ananisikia. Labda analia pale ukingoni, ananijibu, na sauti yake ni nyembamba kama yangu ilivyokuwa. Ataivushaje mto, naye hana tundu kama langu?

Basi jioni ile hakuita tena. Alifundisha. Akaimba: "Dada, chimba. Chini jembamba. Juu pana. Panua pole pole. Ukuta usugue kwa kichwa mpaka ung'ae. Likibomoka, liulize limekosea wapi." Akaimba hivyo jioni saba, kila alichokijua, bila kuacha hata kimoja, akimwimbia mtu ambaye huenda hayupo.

Jioni ya saba, maua ya matete yakipeperuka, akauliza neno moja tu:

"Dada, umeondoka?"

Maji yakapita. Upepo ukapita. Na kutoka ng'ambo, hafifu, likitetemeka, likatoka jibu:

"Baaa-dooo!"

Jamani! Chenene alicheka na kulia kwa mdomo mmoja.

Hawakuvuka. Mto ule ni mpana hadi leo, na dada hajamshika mdogo wake mkono tena. Lakini kila jioni huyu huimba, yule huitika, na kila chenene anayezaliwa hufundishwa lile tundu. Pita bondeni jua likizama, utawasikia, huku triii, kule triii. Chura naye yupo kwenye jani lake, na mawazo yake mia, yote mazima, hajatumia hata moja.

Funzo ni hili. Uvumbuzi hauanzi kwa akili nyingi, huanza pale panapouma. Wazo kila mtu analo. Mvumbuzi ni yule anayekiuliza kilichoharibika kimeharibika wapi, akalitunza jema lake, akaanza tena. Na akishapata, hafichi.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni, upande huu. Aliye ng'ambo na aitike.